Chakula Nimekufunikia

Jumapili ile tulikula mchana kama kawaida, mimi na mdogo wangu, kila mtu na simu yake. Mama tulikuwa tumemzika miezi kadhaa nyuma. Watu walinisifu kwa ukavu wa macho yangu msibani. Ukavu gani. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, lakini ukiufinya haukwambii kitu. Nilishona nguo za wateja, nikapika, nikalala. Kesho yake vilevile.

Mdogo wangu yeye alipata ugonjwa mwingine. Anatengeneza redio na spika, masikio yake ni ya paka, na rafiki yake mmoja, tunayemwita Antena kwa ule urefu, alimwingiza kwenye mchezo wa kurekodi makaburini. Wanakwenda makaburi ya zamani, yale yaliyojaa, hazikwi mtu tena. Wanaweka kinasa sauti juu ya kaburi, wanauliza swali, wananyamaza. Wakirudi nyumbani wanavaa hedifoni na kuusikiliza ule ukimya, kama kuna aliyejibu. Mara nyingi anayejibu ni mbwa.

"Mama hakuzikwa kule," nilimwambia alipokuwa akifunga viatu.

"Najua, dada. Kule kwake magari hayaishi, hutasikia kitu. Hawa wa zamani wametulia. Labda watamfikishia habari."

Nikamwambia asichelewe, zamu ya vyombo ni yake. Akaenda.

Alichokifanya kule nilielezwa na Antena waliporudi. Waliuliza maswali yao ya siku zote: nani yupo hapa, unataka nini. Kimya. Ndipo mdogo wangu akatoa simu na kufungulia ujumbe wa sauti wa mama. Ndio huo tu uliobaki. Sisi si watu wa kurekodiana, hatukujua kama sauti nayo huisha. Mama aliutuma siku moja huyu mdogo wangu alipochelewa kazini: "Mwanangu, uko wapi? Rudi nyumbani. Mlango sijafunga. Chakula nimekufunikia."

Akaufungulia katikati ya makaburi, sauti mpaka mwisho. Akarudia. Alitaka mama ajisikie, aifuate sauti yake mwenyewe.

"Sisi tunauliza tu, dada," Antena alisema, macho kwenye viatu vyake. "Hatuiti. Hata kwa utani humwambii mtu njoo. Yeye kawaambia waje, tena kawaambia chakula kipo."

Wakanipa hedifoni. Nikasikia upepo. Nikamsikia mama, na kifua changu hakikusema kitu. Kisha kimya kirefu. Kisha mzee mmoja, karibu sana na kinasa, akauliza taratibu, "Nyumbani kwa nani?"

Mwanamke akamjibu, "Hakusema."

Na mtoto: "Kasema hajafunga mlango."

Antena aliondoka bila kumaliza chai. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Nikaosha vyombo mimi.

Vilianza viti. Natoka uani kufua, narudi nakuta viti vya mezani vimevutwa nje. Navirudisha. Kesho vimevutwa tena. Chakula nacho nikikifunika, nakuja kukifunua kipo vilevile, kimejaa, ila hakina ladha. Unaongeza chumvi, unaongeza tena, ni kama unatafuna karatasi. Mdogo wangu akashauri tuwe tunapakua zaidi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Nikamkumbusha kuna na ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kisha nikakumbuka kwamba hawa jembe ndilo lililowazika.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua gauni lake. Akasogeza pazia la mlangoni, akasimama. Akaitazama sebule nzima, kochi hadi meza. Akasema hamjambo. Akasubiri kidogo.

"Samahani fundi," akaninong'oneza. "Sikujua una wageni. Nitapita kesho."

Nilikuwa peke yangu. Hakupita kesho wala siku nyingine, na gauni lake bado ninalo.

Mdogo wangu akaacha kwenda kazini. Kila mchana aliufungulia ule ujumbe pale mlangoni, na kinasa akakiacha sebuleni kikirekodi. Alikaa pembeni kabisa ya kochi, magoti ameyabana, kama aliyesongwa na watu. Akapungua hadi mashati niliyomshonea yakawa ya mtu mwingine. Sahani yake aliisukuma katikati ya meza.

"Kula," nilimwambia.

"Ngoja kwanza wale wao."

"Utakufa, mdogo wangu."

"Wanaongezeka, dada." Alinong'ona kama mtu anayetoa siri nzuri. "Na yeye atakuja tu. Atasikia kwake kuna watu."

Hapo ndipo nilipohisi kitu, cha kwanza tangu mazishi. Niliogopa. Mmoja nilishamzika. Wa pili sikuwa na nguvu naye.

Alipoingia kuoga nikachukua simu yake. Nikausikiliza ule ujumbe mara moja, sauti chini, simu sikioni. Nikabonyeza kufuta. Simu ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Kisha nikafungua mlango wote na kusema kwa adabu, maana wageni ni wageni: "Jamani, aliyewaita hayupo. Nendeni salama."

Sikuona kitu. Pazia halikutikisika. Lakini mchana ule chumvi ilirudi, tena ilizidi, na mdogo wangu alikula sahani mbili kabla hajajiuliza kwa nini. Akashika simu. Akatafuta. Akatafuta tena. Hakunifokea, na afadhali angefoka.

Akainuka, akachukua kinasa, akavaa hedifoni. Nilimtazama akisikiliza. Uso wake ulilegea, ukawa wa mtoto. Akazivua, akanivalisha mimi.

Nilijisikia mwenyewe. Aliyewaita hayupo. Nendeni salama.

Viti vikaburuzwa. Nyayo. Nyingi. Hazina haraka. Mtoto akalia kidogo, akabembelezwa. Zikapungua. Zikaisha.

Halafu pumzi ya mtu anayeinuka kwa shida kutoka kwenye kochi, upande ule ambao mdogo wangu alikuwa akijibana. Pumzi ile naijua. Niliiuguza mimi.

"Haya, twendeni," mama akasema. "Wenyewe wametuchoka."