Doa Jeusi la Bondeni

Jioni ile Morris alitoka ofisini kwenda kuhakikisha jambo moja tu. Aende bondeni, atazame, arudi kabla chai haijapoa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati hapo Boito, nyuma ya kituo cha kununulia majani chai. Wakulima walikuwa wamemwajiri awawekee ramani ya mashamba yao kwenye simu. Ramani hiyo ilichorwa zamani, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, basi. Morris aliipiga picha, akaipandisha kwenye seva, akaiagiza seva iufanye weupe wote kuwa kioo na weusi ubaki. Hivyo mkulima akifungua simu, aliona shamba lake jinsi linavyoonekana kutoka angani, na mistari ya mipaka imelala juu yake.

Wazee walipoona walipiga makofi. Morris aliwatazama kama mtu anayetazama kuku wakigombania mahindi.

Kitu kimoja kilimkera. Kule bondeni, ramani ilikuwa na doa jeusi, limejazwa wino mpaka karatasi ikakwaruzika. Weusi haupitishi kitu. Doa lilifunika kila kilichokuwa chini yake.

"Mlimwaga wino," alisema.

"Hatukumwaga," alijibu Chepkirui, aliyepika chai ya ofisi, mtoto wake Cherono mgongoni. Tangu Morris aje, hakuna siku mama huyu alimletea kikombe bila kukifunika na kisahani, inzi wasiingie. Morris hakuwahi kusema asante. "Babu zetu walimwomba mpimaji apapake hivyo. Hapo palikuwa na kogo mmoja, nyanya wa watu. Alikuwa anakunywa pumzi za watoto. Wakamfungia hapo. Majani ya huko hayachumwi mpaka leo."

Morris alicheka hadi akashika tumbo. "Nyanya amefungwa na wino! Mama Cherono, nyinyi watu wa huku mtaamka lini?"

"Hata kama ni ujinga, Baba Muturi," alisema, akimwita Morris kwa jina la mwanawe, "tuachie ujinga wetu."

Hakuwaachia. Mchana huo alilipaka doa rangi nyeupe, akaipandisha picha tena. Seva haiulizi sababu. Iliona weupe, ikaufanya kioo.

Chini ya kioo palikuwa na nyumba.

Nyumba ya mviringo, ya nyasi. Juu yake moshi mwembamba. Na kila mtu wa Boito anajua kwamba bondeni hakuna nyumba, ni majani chai tu yaliyokosa kuchumwa mpaka yakawa miti.

"Picha imekosewa," Morris alinung'unika. Akaweka simu mfukoni, akatoka.

Chepkirui alimkimbilia mpaka njiani. Mumewe Robert alikuwa nyuma yake, amembeba mtoto. Kifua cha Cherono kilikuwa kinakoroma.

"Tafadhali, rudisha ile nyeusi. Nyumba yetu ndiyo ya kwanza kutoka huko. Mtoto anapumua vibaya tangu mchana."

"Mpeleke hospitali. Mimi ni mtu wa ramani."

Mwingine angemtukana. Chepkirui aliinama, akang'oa nyasi mkono mzima, akamnyooshea. "Basi shika hizi. Ukiingia na nyasi mkononi, anajua umekuja kwa amani."

"Nishike nyasi, mimi ni ng'ombe?"

Akazitupa, akaingia chini ya miti.

Mwanzoni alisikia chenene. Kisha hakuwasikia tena.

Kulikuwa na harufu. Aliijua. Ni ile ya kijiti kilichochomwa, kinachosuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutiwa maziwa. Harufu nzuri, ya jikoni kwa mtu. Lakini hapa nani ana jiko?

Kisha sauti.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Mtu alikuwa anasafisha kibuyu.

Morris alitaka kucheka. Kicheko kilikataa kutoka. Mbele yake miti iliachana, na pale palipokuwa na giza tupu palikuwa na mlango. Mfupi. Wa kuinamia.

Kibuyu kikanyamaza.

"Nani amefungua?" Mnong'ono, kama wa mtu aliyelala muda mrefu.

"Mi... mimi ni wa ramani."

"Umekuja mikono mitupu."

Hakuna aliyemgusa. Lakini pumzi yake ilianza kutoka yenyewe, polepole, kama uzi unaovutwa kwenye sweta. Alijaribu kuirudisha. Haikurudi.

Aliporomoka kwa magoti.

"Baba Muturi! Huku!" Mwanga wa tochi ulicheza kati ya miti. Chepkirui alikuwa amemfuata. Alimshika mkono, akamnyanyua, akamtia kiganjani nyasi alizokuwa amejishikia mwenyewe. "Shika zangu. Kimbia. Usigeuke."

Pumzi ikamrudia kifuani. Morris alikimbia na nyasi za mwenzake, wala hakuuliza yeye atabaki na nini.

Alitokea barabarani anahema. Robert alikuwa amesimama palepale, mtoto mikononi. Midomo ya Cherono ilikuwa imeanza kuwa kama majivu. Na huko nyuma...

Kwaru... kwaru...

Inakuja.

Morris alitoa simu. Ile picha ya kwanza, yenye doa, alikuwa bado ameihifadhi kwenye seva. Ilitaka kidole kimoja tu.

"Ngoja!" Robert alipaza sauti. "Mama Cherono hajatoka!"

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Kwenye simu, bonde likawa jeusi. Kwenye miti, tochi ikazimika. Chenene wakaanza kulia kama hakuna kilichotokea, na Cherono akavuta pumzi ndefu, safi, akalia kwa nguvu.

Usiku huo na kesho yake watu waliingia na mapanga na nyasi mikononi. Walikuta miti. Nyumba hakuna, tochi hakuna, hata alama ya kiatu.

Morris angeondoka Boito kama angekuwa na pa kuuficha uso. Sasa ni yeye anayetazamwa kama kuku. Akipita sokoni, wanawake wanatema mate kando. Watoto wanamwita Mbio, na wakubwa hawawakatazi. Robert peke yake ndiye anayemsalimu. Kila jioni anakuja na mtoto, anaketi kando ya kompyuta, anauliza kwa upole, na upole huo unamchoma Morris kuliko mate ya sokoni.

"Fungua kidogo tu, atoke."

"Nikifungua, Baba Cherono, hatujui nani atatoka kwanza. Na mtoto..."

"Najua."



Jana jioni, jua likiwa limetua, waliisikia. Ilitoka bondeni, ikaja mpaka dirishani. Sauti ya Chepkirui, anamwimbia mwanawe kama alivyomwimbia kila siku akisonga ugali.

"Cherono... mtoto wangu... Baba Muturi, nifungulie. Kuna baridi."

Robert alisimama. Machozi yalikuwa yamemjaa. Morris alipeleka mkono kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitaka kumfanyia mtu jambo jema.

Ndipo ikaja nyingine, kutoka ng'ambo ya pili ya bonde. Hafifu. Ya mtu anayebana pumzi.

"Usifungue, Baba Muturi. Mfunike mtoto vizuri. Usifungue."

Ilikuwa sauti ya Chepkirui pia.

Robert aligeuka polepole. "Wewe unayejua kila kitu," alinong'ona, "mke wangu ni yupi?"

Morris alitazama vidole vyake.

Cherono alicheka. Akanyoosha mikono yake miwili dirishani, mmoja huku, mmoja kule.