Viatu Mlangoni pa Shule

Haya yalimpata rafiki yangu Zuurakan, mwalimu wa sekondari ya mji wetu mdogo wa milimani. Asubuhi moja ya theluji alitangulia shuleni kuwasha jiko la makaa la kupasha madarasa joto. Umeme ulikuwa umekatika, giza lilikuwa totoro. Basi la wanafunzi wa kijiji cha juu lilikuwa bado, na bintiye Aizirek husafiri nalo, kwani analelewa na bibi yake huko, kama wazaliwa wa kwanza wengi kwetu.

Mara akasikia ghorofani viti vikiburutwa na watoto wakicheka.

"Nyie tumbili, mmepita wapi?" akaita, moyo ukimtulia.

Kukawa kimya. Simu ikalia, alikuwa dereva wa basi.

"Dada, msitungoje. Njia imeziba, hatujatoka kijijini."

"Aizirek yuko wapi?"

"Huyu hapa, ananimalizia mkate."

"Mama, mkate wenyewe mkavu!" Aizirek akadakia.

Juu viti vikaburutwa tena. Zuurakan akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, wanafunzi wanapovua viatu kabla ya kuingia. Alipoingia mwanzoni hapakuwa na kiatu hata kimoja. Sasa vilikuwapo, vimepangwa safu. Kwa mwanga wa simu akazitambua buti za Aizirek kwa kiraka alichokishona mwenyewe. Akaingiza mkono.

Ndani mlikuwa na joto la mguu.