Rangi ya Tumbo la Ndege

Rangi ya tumbo la ndege ilikuwa imekwanguliwa. Njiru aliinua ndege yake ya plastiki, akaona mistari minne ya kucha kwenye kijivu alichokipaka jana. Akamlaumu paka. Mwenye paka hakosi wa kusingizia.

Mzee huyu alipaka rangi ndege za jeshi kwa miaka thelathini, na sasa, amestaafu kwenye baridi ya Timau, alijiliwaza kwa kuunda ndege ndogo za mezani. Hii ilikuwa ya Waingereza, ya aina iliyomwaga mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya wakati wa Mau Mau. Mgongo ulitaka kijani na kahawia, ili aliye juu asiitambue kati ya miti. Kijani cha kopo kilikuwa king'avu mno. Basi Njiru akapanda msituni, akachota udongo kwenye shimo la bomu, akausaga na kuuchanganya na rangi, na kijani kikakubali. Wenyeji hawapitishi hata mbuzi karibu na shimo lile. Mkewe Gatwiri alimkanya, lakini Njiru ni mtu wa Embu, si wa huku, na kwa ukaidi hana mfano.

Tumbo ndilo lililomshinda. Picha zake zote zilipigwa kutoka juu, kwa hiyo alikuwa akikisia. Akapaka samawati.

Ilikuwa saa nane mchana, jua liko dirishani, ngurumo ya injini iliposhuka juu ya mabati na chumba kikanuka mti mbichi wa mtarakwa unaoungua, na ndani ya moshi ule, nyama.

Gatwiri akaingia na chai. "Baba Mwenda, umechoma nini?"

Kitu kilimkamata Gatwiri nywele, kikambamiza uso mezani mara tatu, meno yakaruka kati ya makopo ya rangi, kisha kikamsimamisha wima huku damu ikimtiririka kidevuni, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamume, Kimeru cha wazee: "Si rangi hiyo."

Jirani yao, Mama Kanana wa kikundi cha maombi, alikuja mbio na Biblia. "Shindwa kwa jina la..." Akarushwa ukutani, bega likavunjika. Akatambaa hadi mlangoni, akinong'ona.

"Baba Mwenda, hii kitu haiskii maombi. Inataka hiyo ndege. Ipatie, tafadhali."

Njiru alijikaza. "Ilikuwa rangi gani?"

"Nililala chali," ilisema sauti. "Miguu yangu ilikuwa imekwisha kwenda na bomu. Niliiona ndege ikigeuka juu yangu. Nyeusi."

Njiru akafungua kopo jeusi. Akapaka, na kila brashi ilipokawia mkono wa Gatwiri ulizidi kupindwa nyuma, ukalia kama kuni kavu, mfupa ukachomoza, na yeye akapaka huku akilia, akapaka mpaka tumbo lote likawa jeusi.

Macho ya Gatwiri yaliitazama ndege kwa muda mrefu.

"Ndiyo hii. Nani aliirusha?"

Wakati wa vita vile Njiru alikuwa hajazaliwa. Aliyeirusha alikuwa Mzungu asiyemjua, pengine amekwisha kufa kitandani kwao Uingereza akiwa na wajukuu. Alitaka kusema hivyo, na ingekuwa kweli tupu, lakini mkono mzima wa Gatwiri ulikuwa umemshika koo mwenyewe, vidole vikizama, uso ukigeuka zambarau, na miguu yake ikipiga hewa nusu mita kutoka sakafuni.

"Miaka sabini nauliza. Nani?"

"Ni mimi," alisema Njiru. "Mimi ndiye niliyeirusha."

Mkono ukaachia. Gatwiri akaanguka, akavuta pumzi ndefu yenye mluzi, kisha nyingine. Njiru aliisikiliza ile pumzi, na moyo wake ukatulia kabisa. Harufu ya moshi ikavuka chumba polepole, ikaja upande wake.

"Mama Mwenda," alisema, "usiangalie."

Kilianza na miguu.