Mwalimu wa Farasi Asiye na Banda

"Tangazo la ndoa, kwa mara ya kwanza," padri alisoma baada ya komunyo. "Sixbert Ndunguru wa parokia hii, na Albina Mapunda wa Songea. Mwenye kujua kizuizi chochote, atoe taarifa."

Kanisa zima liligeuza shingo. Halikumtafuta Sixbert, maana siku hiyo hakuja misa. Lilimtazama Asteria, aliyekaa upande wa wanawake, kichwani amefunga kitambaa alicholetewa na huyohuyo Sixbert kutoka Songea.

Mama aliyekaa naye alimsogelea.

"Asteria, umesikia sawasawa?"

"Nimesikia, mama."

"Sasa?"

"Sasa nakwenda kulisha farasi. Hawajala."

Ilikuwa mwaka 2004, Mbinga mjini. Soko la kahawa lilipoachiwa watu binafsi, Sixbert alikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua, na fedha ilipomjaa alitaka kitu ambacho hakuna tajiri mwingine wa Umatengo aliyekuwa nacho. Akaenda Iringa kununua farasi. Huko alimkuta Asteria, binti wa kijiji cha Kitura, kulekule Umatengo, aliyekulia Iringa kwenye shamba la walowezi, akiwafundisha watoto wao kupanda. Sixbert alinunua farasi wanne, na mwalimu akamfuata kwa mapenzi. Miaka sita walikuwa pamoja. Watoto wa wafanyabiashara na wageni kutoka nje walikuja kujifunza, Sixbert akapokea sifa, na kila Asteria alipotaja ndoa aliambiwa, "Msimu huu upite kwanza."

Mchana wa siku ile ya tangazo Sixbert alimkuta bandani, anasugua mgongo wa Tajiri, dume jekundu.

"Asteria, ngoja nikueleze."

"Nieleze."

"Wazee ndio wamepanga. Baba yake ana malori. Hii ni biashara tu."

"Na mimi ni nini?"

"Kwako hakuna kitakachobadilika. Chumba chako kipo, kazi yako ipo. Tutakuwa tunaonana kama kawaida."

"Kama kawaida? Wewe na mkeo ndani, mimi huku na samadi?"

"Usinipandishie sauti kwenye mabanda yangu!" Sixbert alifoka. "Haya, nenda. Utaenda wapi? Farasi wangu, mabanda yangu, matandiko yangu. Mwalimu wa farasi asiye na farasi anamfundisha nani? Kuku?"

Asteria alitundua kofia yake ngumu ukutani, akakunja kamba ndefu ya kufundishia, vitu viwili alivyokuja navyo kutoka Iringa. Akamshika Tajiri shingoni, akaweka paji lake kwenye manyoya. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Kisha akatoka kwa mguu.

Kijijini Kitura, mama yake, Bonifasia, alimpokea bila maswali. Walichuma kahawa pamoja, wakapalilia ngoro, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, pamoja. Jioni mama aliongea, binti akaitikia tu. Mpaka siku simu yake ilipoita akiwa juu ya kilima, mahali pekee palipokuwa na mtandao.

"Haloo, naongea na mwalimu Asteria?"

"Kumbe bado kuna mtu ananiita mwalimu? Nani mwenzangu?"

"Naitwa Elias Chiwambo, tabibu wa zahanati ya misheni ya Waanglikana huku Nyasa, mbele ya Mbamba Bay. Namba nimepewa na Eliza, muuguzi wangu. Dada yake anasali parokia ya Mbinga."

"Basi habari zangu zote mnazo."

"Tunazo. Lakini sikupiga kwa ajili ya hizo. Daktari mzungu aliyestaafu katuachia farasi wawili. Wanakula majani tu. Huku milimani kuna vijiji gari haifiki, na masika hata baiskeli haipiti. Mwezi uliopita nimempoteza mama mmoja na mtoto tumboni, kwa sababu nilifika kwa miguu, nimechelewa."

Asteria alikaa chini, palepale kwenye nyasi.

"Pole sana, tabibu. Lakini mimi sina farasi, sina banda. Hata tandiko sina."

"Farasi tunao. Tunachokosa ni mwalimu."

Alishuka Nyasa kwa lori la mahindi, kofia na kamba kwenye mfuko wa salfeti. Elias alikuwa mwanamume mrefu, mpole, aliyefiwa na mke miaka minne nyuma, na aliwaogopa farasi kuliko mamba.

"Mwalimu, anang'ata?"

"Anaitwa Neema, tabibu. Hang'ati. Ila ukitetemeka hivyo atadhani kuna chui nyuma yenu. Pumua."

"Napumua."

"Hupumui. Nahesabu mbavu zako."

Eliza, muuguzi na mkunga, binti mfupi mwenye kicheko cha karibu, alikuwa anajifunza kwa farasi wa pili. Alicheka mpaka akashika mti. Lakini naye kesho yake alitupwa mchangani mara mbili, akanyamaza.

Asteria aliwafundisha ufukweni, kwenye mchanga mgumu karibu na maji, kamba ndefu mkononi, farasi akizunguka. Wiki ya kwanza walijifunza kukaa tu. Ya pili, mwendo wa mchakamchaka. Watu walioanika usipa, dagaa wa ziwa hilo, waliacha kazi kutazama. Siku Elias alipozunguka mara kumi bila kushika manyoya, alishuka, akakaa chini.

"Nilidhani nimezeeka, sina jipya la kujifunza," alisema.

"Nami nilidhani nimeisha," Asteria alijibu.

Walitazamana. Elias akaomba maji ya kunywa.

Habari zilienea pwani yote ya ziwa. Shirika la masista wenye nyumbu wa kubebea mizigo likamwita. Mwenye hoteli ndogo Mbamba Bay alikodi farasi kwa ajili ya wageni, akamwita. Mkulima mmoja wa kijiji cha Ruanda, kulekule Mbinga, aliyemnunulia mwanaye farasi mdogo, akamwita. Asteria alikuwa anakwenda aliko mwanafunzi, na kila alikokwenda aliikuta kazi. Mwaka haujaisha, Eliza na Elias walikuwa wanapanda milimani wenyewe, dawa zikiwa mgongoni. Na kila Jumamosi, popote alipokuwa, Asteria alirudi zahanati kukagua kwato za Neema. Hivyo ndivyo alivyosema: kwato za Neema.

"Kwato zenyewe anazikagua kwa kumtazama tabibu usoni," Eliza alimwambia Padri Nathanieli wa kanisa lao, na padri akajifanya hakusikia.

Siku moja simu ikaita tena. Sauti ya mwanamke, nzito, isiyo na haraka.

"Mimi Rosa, nina kampuni ya utalii Dar es Salaam. Nataka safari za farasi, wageni washuke kutoka milima ya Mbinga mpaka ziwani. Bwana Sixbert Ndunguru ananiambia ana farasi, ana mabanda, na wewe ni mwalimu wake."

"Kakuambia mimi ni mwalimu wake?"

"Ndiyo. Keshokutwa nipo kwake. Utakuwepo?"

Asteria alivuta pumzi. "Nitakuwepo, mama. Nitakuambia kwa mdomo wangu mimi ni wa nani."

Usiku haujaingia, ujumbe ulikuwa umefika kwenye simu yake: *Asteria wangu, yaliyopita si ndwele. Farasi wamekuwa wakorofi, hakuna anayewaweza ila wewe. Njoo tupate mkataba huu, mengine tutayamaliza wawili. Sixbert.*

Hakumjibu. Akamwandikia Elias, haraka, lori likiwa linaondoka: *Naenda Mbinga kwa Sixbert. Nitakueleza nikirudi.*

Elias alisoma maneno hayo mbele ya zahanati, akayasoma tena. *Kwa Sixbert.* Akapiga, simu haipatikani. Akaandika: *Ukiamua kurudi kwake sitakuzuia. Ila kuna neno sijakuambia.* Ujumbe haukwenda.

"Eliza!" aliita. "Utabaki na wagonjwa. Namtandika Neema."

"Unaenda kijiji gani?"

"Mbinga."

Eliza alikodoa macho. "Kwa farasi? Kupanda mlima wote ule?"

"Leo hakuna gari lingine."

"Hatimaye!" Eliza alipiga kofi. "Nilidhani mpaka nije niwaandikie barua za mapenzi mimi."

Keshokutwa yake, uwanjani kwa Sixbert viti vilikuwa vimepangwa, Rosa na wenyeji wake wameshakaa. Asteria aliwasalimu wote, akaomba kwanza awaone farasi. Ndani ya banda Tajiri alikuwa amekonda, ana kidonda begani, anapiga teke ubao. Asteria alipoita jina lake, alisimama, masikio yakasogea mbele.

"Nilijua utakuja," Sixbert alisema nyuma yake, sauti ya chini. "Sikiliza. Mwambie yule mama upo chini yangu. Nikipata mkataba nakujengea nyumba, huku nyuma. Albina hana habari na farasi. Mimi moyo wangu uko kwako, na siku zote uko kwako."

"Ulipofunga ndoa moyo ulikuwa wapi?"

"Ile ni biashara, nilishakuambia! Ni malori ya baba yake tu."

"Malori ya baba yangu?"

Albina alikuwa amesimama mlangoni, ndoo ya maji mkononi. Mwanamke kijana, mwembamba, na uso wake ulikuwa umekauka.

"Mke wangu, hujaelewa—"

"Nimeelewa. Mimi uliniambia huyu alikuwa mfanyakazi, aliiba, ukamfukuza." Alimgeukia Asteria. "Dada, uliiba?"

"Niliondoka na kofia yangu na kamba yangu. Miaka sita aliniita mchumba wake."

Albina aliweka ndoo chini taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba akiibwaga hatanyamaza tena. Akatoka kwenda uwanjani. Asteria akamfuata, na Sixbert mbio nyuma yao.

"Mama Rosa," Asteria alisema, "mimi si mwajiriwa wa bwana huyu. Nafundisha mwenyewe. Ukinitaka, zungumza nami."

Rosa alimgeukia Sixbert. "Bwana, mbona uliniambia vingine?"

Sixbert alicheka kwa hasira. "Anafundisha nini? Kwenye banda gani? Huyu hana hata ukwato mmoja! Anatembea na mfuko wa salfeti, anawapandisha wavuvi kwenye nyumbu! Mwonyeshe mwanafunzi mmoja, Asteria. Mmoja tu!"

Ndipo mbwa walipobweka.

Juu kwenye mteremko wa ngoro, farasi mweupe alikuwa anashuka. Alipita kwenye tuta jembamba kati ya shimo na shimo, kichwa chini, bila haraka, mpandaji ameegemea nyuma kidogo, mikono imetulia. Walipofika bondeni kulikuwa na mfereji. Farasi akajikusanya, akaruka, akatua, akaja mchakamchaka mpaka katikati ya viti. Mpandaji alikuwa mweupe kwa vumbi, shati limechanika kwapani.

"Wewe umetoka wapi?" Rosa aliuliza.

"Shikamoo, mama. Nimetoka ziwani. Nilianza juzi jioni, nimelala njiani kwa wagonjwa wangu."

"Kwa farasi? Njia ileile ninayoitaka mimi?" Rosa alisimama. "Ulianza kupanda ukiwa mtoto?"

"Mwaka jana, mama. Mimi ni tabibu. Nilikuwa nawaogopa mno."

"Nani alikufundisha?"

Elias alimwonyesha Asteria kwa kidevu, maana mikono ilikuwa kwenye hatamu.

Rosa akachukua mkoba wake kwenye kiti cha Sixbert, akauhamishia kando ya Asteria. "Tukae, mwalimu. Tuna mazungumzo."

"Na farasi je?" Sixbert alipaza sauti. "Utapanda nini, mama? Hewa?"

"Mwalimu atakodi hawa," Albina alisema. "Mzazi wangu ndiye anayewalisha tangu kahawa yako iliposhuka bei. Tutapatana mimi na dada hapa. Wewe nenda ukatafute mengine ya kuniambia jioni."

Sixbert alitazama huku na huku. Hakupata hata jicho moja la kumsaidia. Akaingia ndani, mlango ukalia.

Asteria alikwenda kumshika Neema hatamu. Elias alikuwa bado juu.

"Tabibu, umefuata nini?"

"Nilidhani umerudi kwake."

"Ukaja kunizuia?"

"Nilikuja kusema neno. Halafu ukitaka kubaki, ubaki. Nakupenda, Asteria. Tangu siku uliponihesabu mbavu. Nimekuwa nikijifunza kupanda huku ninajua kuanzia wiki ya tatu nilishaweza, ila niliendelea kukosea ili ubaki."

Asteria alicheka, na machozi yakamshuka palepale mbele ya watu.

"Na mimi kwato za Neema hazijawahi kuumwa. Shuka."

"Siwezi. Miguu imekufa ganzi."

Ilibidi Rosa na Albina wasaidie kumshusha.

Huko Kitura, mama Bonifasia alisikiliza yote, akauliza jambo moja.

"Mwanglikana?"

"Ndiyo, mama."

"Anasali?"

"Anasali."

"Basi mapadri wapatane wao kwa wao. Mimi napika."

Mapadri walipatana. Kabla ya masika, wageni wa kwanza wa Rosa walikuwa wameshashuka mlima na mwalimu wao mbele, juu ya Tajiri aliyenona upya. Asteria hakununua banda. Alikodi huku, akaazima kule, na ratiba yake ilijaa.

Harusi ilifanyika ufukweni, baada ya ibada. Ngoma imeanza, samaki aina ya mbasa wako mezani, bibi harusi anakata keki, ndipo alipokuja mtu anakimbia, jasho linamtiririka. Mkewe mlimani. Uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya.

Elias alikwishavua koti. Eliza akamsukuma kifuani.

"Tabibu, kaa na mkeo. Mimi ni mkunga, na njia naijua."

"Eliza, ni mwinuko mkali."

"Nimefundishwa."

Alikunja gauni la usimamizi wa harusi, akaruka juu ya Neema, begi mgongoni. Farasi akatoka mchakamchaka kwenye mchanga, kisha Eliza akalegeza hatamu, wakapiga shoti. Waalikwa wote walisimama. Asteria alipanda juu ya kiti, shela likipepea, akapaza sauti mpaka ziwa likaitikia:

"Visigino chini, Eliza! Mikono laini! Mwache achague njia mwenyewe!"

Eliza aliinua mkono mmoja bila kugeuka. Vigelegele vikalipuka, mama Bonifasia akiongoza. Farasi akaupata mwinuko, akapunguza, akaanza kupanda vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.