Ukuta Usioandika

Mashine ya kuchapa ndiyo iliyoanza, nayo hakuna aliyeiagiza. Ilitema karatasi tupu zenye harufu ya nywele zilizoungua, na Fundi wa kompyuta wa hospitali ya wazazi akasonya. Asubuhi yake ilikuwa imeshaharibika kitambo.

Mfumo ulikuwa umejisasisha wenyewe, bila hodi. Ule ukuta wa mtandao, yaani programu inayowazuia wageni wasio na ruhusa, ukagoma kuwaka kwa sababu ya mstari mmoja tu: ule unaouamuru uandike kila anayebisha na kukataliwa. Fundi akaubembeleza, akautukana, akabadilisha neno hili na lile. Wapi. Mwishowe akaufuta mstari kwa hasira. Ukuta ukasimama, bubu lakini mzima, naye akashusha pumzi.

Kumbe kilichokuwa kikibisha kilishaingia ukuta ulipokuwa chini, na yeye ndiye aliyekifungia ndani.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, aliyekaa wodini kando ya kisanduku cha joto alimolala mwanawe aliyezaliwa njiti.

"Dada," alinong'ona, "kioo cha mashine kinaonyesha mapigo mawili ya moyo. La pili si la mwanangu."

"Kaa hapohapo. Ni mtandao tu, nashughulikia."

Lakini hapohapo akampigia Mwalimu, mstaafu aliyemfundisha kazi, ambaye kila ukuta mpya aliusomea dua kabla ya kuuwasha, wenzake wakamcheka wee mpaka akastaafu.

"Umefuta mstari wa kumbukumbu?" Mwalimu aliuliza taratibu. "Huyo hubisha kila siku tangu enzi zangu, mwanangu. Akiandikwa huona haya, akarudi. Asipoandikwa hujiona mwenyeji. Urudishe mstari, ila neno lake siku hizi limebadilika." Akamtajia. "Kisha ufungue ukuta atoke. Lakini kabla hujafungua..."

"Nimekuelewa, Mwalimu, sina muda." Akakata simu.

Taa zikawa zinafifia na kurudi, harufu ikimpanda puani, karatasi zikimwagika mpaka miguuni, na nyuma ya kiti chake kitu kikipumua pumzi fupifupi za mtoto mchanga, na yeye hageuki, anaandika, anakosea, anafuta, anaandika tena huku machozi ya hasira yakimtoka, hadi mstari ukakubali, akafungua ukuta, na kile kitu kikampita begani kama abiria anayewahi safari.

Kimya. Fundi akalaza kichwa mezani, akacheka kwa uchovu.

Simu ikalia tena.

"Umenikatia," Mwalimu akasema. "Nilitaka kukwambia mtoto atolewe kwanza kwenye mashine, ashikwe na mama yake. Huyo haondoki mikono mitupu."

Fundi akatazama kioo. Kumbukumbu ilikuwa imerudi, inaandika vizuri kabisa. Mstari wa kwanza: ametoka. Chini yake, wa pili: ametoka.

Kule wodini, mdogo wake alianza kumwita mwanawe.