Mkono wa Bohdan

Kila mchana Halya alimlisha mumewe supu ya bitiruti kwa kijiko. Bohdan alikuwa mkulima wa ngano karibu na mji wa Saskatoon. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia. Sasa ulilala mapajani kama wa mtu mwingine.

"Nipe kijiko nijaribu."

"Utamwaga, mzee wangu. Uache mkono upumzike."

Kwa watu wao, mke anayemwacha mgonjwa ahangaike mezani husemwa na kanisa zima.

Hospitalini, Renée, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliufunga mkono ule kwenye roboti. Kisha akamvisha Bohdan miwani mikubwa yenye skrini. Ndani yake aliona mti uliojaa matufaa.

"Chuma moja, ulitie kikapuni," alisema Renée.

"Matufaa? Binti, mimi ni mtu wa ngano!"

"Leo ni mtu wa matufaa. Chuma, mzee."

Mkono ulipanda, ukatetemeka, ukakwama njiani. Halya, aliyeketi kando, akaruka, akausukuma.

"Hapana, mama," Renée alimzuia kwa upole. "Roboti inambeba pale tu anaposhindwa. Wewe unambeba wakati wote. Kilichoumia si mkono, ni sehemu ya ubongo inayouongoza. Ubongo hujifunza upya mkono unapojaribu, tena na tena. Ukimfanyia kila kitu, ubongo utajifunzaje?"

Halya akauachia mkono. "Kwa hiyo nimemdhuru?"

"Umempenda. Sasa mpende huku umekalia mikono yako."

"Huyo?" Bohdan alicheka ndani ya miwani. "Labda umfunge kamba!"

"Na roboti peke yake haitoshi," Renée aliongeza. "Nyumbani pia autumie kila siku. Ukianza kumuuma, mniambie."

Nyumbani, Halya alikalia mikono yake. Supu ilimwagika mezani, shatini, hata juu ya paka. Halya hakusogea. Wiki zilipita, wakirudi kwa Renée na kujaribu nyumbani. Kidole kidogo hakikuamka. Vingine viliamka, polepole.

Jumapili moja ya theluji, wakiwa mlangoni tayari kwenda kanisani, Bohdan alishika koti la mkewe. Vidole vyake vilitafuta tundu la kifungo.

"Tutachelewa," alinong'ona Halya.

"Waanze bila sisi."

Kifungo kikaingia. Halya akainua kidevu, ampe nafasi ya kufunga cha juu.