Wageni wa Rubani

Dimbwi la kwanza lilionekana chini ya kiti cha kompyuta, Jumatatu asubuhi. Binti akalipiga deki, akidhani ni baba yake kamwaga chai. Jumanne likarudi. Safari hii aliinama, akachovya kidole na kuonja. Yalikuwa maji ya chumvi, yananuka mafuta mazito ya meli, na nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu.

"Baba, umeleta maji ya bahari humu ndani?"

"Mimi? Kwa ndoo ipi?" Mzee alicheka, lakini hakumtazama usoni.

Mzee huyu alikuwa rubani wa bandari. Miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kupanda meli za watu, kuziingiza mpaka gatini, na kuzitoa tena mpaka bahari kuu. Alipostaafu akabaki kuzunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Binti yake, mwalimu wa chekechea, akamnunulia mchezo wa kompyuta wa nyambizi ili atulie. Akatulia kweli, hata mezani kula ikawa mpaka abembelezwe.

Katika mchezo ule alikuwa nahodha wa nyambizi kwenye vita vya zamani. Kufukuza meli baharini hakukumvutia. Alichopenda ni kunyemelea bandari za adui usiku, taa zimezimwa, kina kifupi hata tumbo la nyambizi linakwaruza mchanga, na kuzipiga meli zilizotia nanga. Na bandari alizijua bwana! Alijua meli hugeukia wapi maji yakijaa, alijua mlinzi husinzia saa ngapi. Meli iliyotia nanga haikimbii, na watu wake wamelala. Kwa wiki tatu alizamisha arobaini na kitu, hedifoni masikioni, na kila mlipuko ukimtoa tabasamu. Mimi nasema wazi, mtu aliyelinda meli maisha yake yote hakupaswa kufurahi namna ile.

Wiki hiyo hiyo mume wa binti, mpishi wa meli ya mizigo, alikuwa nje ya bandari ya mji wao. Meli yake ilikuwa imetia nanga siku ya tisa ikisubiri gati, karibu kiasi cha simu kushika mtandao. Jumatano usiku akapiga.

"Mke wangu, umelala?" alinong'ona. "Kuna watu wanagonga meli kwa chini."

"Kwa chini wapi? Majini?"

"Majini. Wanagonga mara tatu, kisha wanabisha hodi. Nahodha katukataza kujibu. Msaidizi wangu wa jikoni alijibu jana. Leo hatumwoni."

Binti alikata simu, na hapo ndipo alipousikia mlio huohuo wa kugonga kwenye ukuta wa sebule, ngo, ngo, ngo, kama chuma kinachogongwa kutoka mbali, akatoka kitandani bila viatu, akapita ukumbini akikanyaga maji baridi ambayo hakuyaona, harufu ya kamba za meli zilizolowa na mafuta ikimjaa puani, mpaka akafika mlangoni na kumwona baba yake mbele ya kioo cha kompyuta, na kuzunguka kiti chake, sakafuni, nyayo za miguu iliyolowa, nyingi, zimesongamana mpaka ukutani, na hakuna mtu aliyesimama juu ya nyayo hizo.

"Wamejaa, mwanangu," mzee alisema taratibu. "Sina pa kuwaweka."

Asubuhi binti alimleta jirani wa chini, mama mshona magodoro. Mtaani walimwamini zaidi kwa kupunga majini, maana magodoro yake yalibonyea mapema. Mama yule alizitazama nyayo, hakuvuka kizingiti.

"Waliingiaje?"

"Nilikuwa nimetoka kuzamisha meli," mzee akasema. "Nikasikia hodi kwenye hedifoni. Nikadhani ni jirani mlangoni. Nikajibu bila kugeuka."

"Ulijibu karibu, au karibuni?"

"Karibuni."

"Mungu wangu! Ungesema karibu angeingia mmoja, ningemtoa kabla ya chai kupoa. Wewe umealika kila aliyekuwa anasikia. Meli zako ni picha tu, sawa, lakini majini ya bandari si picha. Yalikuwa yanatafuta mlango siku nyingi, ukayafungulia kwa adabu yako."

"Na mume wangu?" binti aliuliza.

"Nyumba imewajaa, wanatafuta nyingine. Wameona meli ambayo watu wake wamelala."

"Wafukuze, mama. Nakuomba."

"Siwezi. Mgeni aliyealikwa hafukuzwi, husindikizwa, na mwenye kusindikiza ni mwenyeji." Akamgeukia mzee. "Watoe mpaka bahari kuu. Ila usije ukasema 'niishie hapa' wakiwa karibu na ile meli. Ukishawaaga, wako huru kwenda watakako."

Usiku ule mzee alivaa hedifoni. Kwenye kioo ilitokea bandari yao wenyewe, ambayo haikuwamo kwenye mchezo. Mlango wa nyumba ukafunguka polepole, na nyayo zikaanza kutoka, jozi baada ya jozi, zikishuka ngazi, huku mzee akizungumza kwa sauti ileile aliyowaongozea manahodha, "Tupite huku, jamani, taratibu, hapana, hiyo si yenu, wamelala hao, twendeni," na binti kamshika bega lililozidi kuwa baridi, akiogopa kuuliza, akiogopa zaidi kuachia.

Alfajiri simu ikalia.

"Kumetulia," mpishi alisema huku analia. "Hakuna hodi tena."

Binti akageuka kumpa baba yake habari. Mzee alikuwa ameketi wima, macho wazi, maji ya chumvi yakimtiririka mdomoni. Hakuwa amesema niishie hapa.

Walimzika kesho yake. Baada ya siku tano meli ikapata gati, mpishi akarudi na kuapa hatapanda meli tena. Kompyuta wakaiuza kwa fundi. Hedifoni fundi hakuitaka, alisema inavuja.

Ilibaki kwenye droo, haijaunganishwa na kitu. Usiku wa kwanza binti aliposikia sauti humo alidhani ni uchungu wa msiba. Usiku wa pili akaiweka sikioni.

"Mwanangu," baba yake alisema, maji yakivuma nyuma yake. "Nimechoka. Wanageukageuka nyuma. Ile meli ya mkwe, ishaingia gati?"

Chumbani mumewe alikuwa anakoroma. Angesema ndiyo, baba yake angewaaga apumzike, na nyumba waliyoizoea wageni wale ilikuwa moja tu.

"Bado, Baba," alinong'ona. "Wasogeze mbele kidogo."